Magunzi ya Shufaa

Alpesh aliyashusha magunzi kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, watu wakiangalia. Baadaye kila mpangaji wa nyumba ile ya Mchafukoge alilisimulia jambo hilo kana kwamba yeye ndiye aliyesimama karibu zaidi.

Alikuwa juu ya kiti cha plastiki, waya wa taa za harusi begani, akitafuta tawi la kuufunga kwenye mti wa mkungu uliokuwa katikati ya ua. Tawi alilolitaka lilikuwa na mkufu wa magunzi ya mahindi yaliyotungwa kwenye kamba ya katani. Akauvuta.

"Usiuguse huo!" Bi Kijakazi alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake. Alikuwa anapepeta mchele, na ungo nusura umtoke. "Alpesh! Uache hapohapo ulipo!"

"Bibi, harusi inakuja. Wageni waje wapigwe picha na magunzi?"

"Hayo ni ya Shufaa. Aliyavaa alipougua matumbwitumbwi, akazunguka mti, akayaacha hapo yaoze na ugonjwa wake. Anayeyashusha anayachukua."

"Basi nimeyachukua mimi." Alpesh akajivisha mkufu shingoni, akakata kiuno kidogo palepale juu ya kiti. Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka. "Bibi, nimependeza?"

"Umependeza kama mbuzi wa Idi," Bi Kijakazi alisema. Na yeye mwenyewe akacheka, hilo watu hawakulikumbuka baadaye. Alpesh akautupa mkufu kwenye ndoo ya taka, akaendelea na taa zake.

Siku chache baadaye shavu lake la kushoto likavimba. Kesho yake likafuata la kulia.

Kweli yenyewe ilikuwa fupi na haikuwa na mti ndani yake. Shufaa, binti wa miaka saba wa Badria na Sadalla, alipougua, muuguzi wa zahanati alimwambia mama yake amweke ndani mpaka uvimbe upungue, asile chombo kimoja na mtu. Badria alimweka. Lakini chumba ni kimoja, joto ni la Dar es Salaam, na asubuhi Badria huwa barazani anapika chapati na uji. Siku ya tatu mtoto alipanda ngazi kwenda kwa Alpesh kucheza ludo kwenye simu. Badria aliwaona kupitia dirisha la ngazini, wamekaa juu ya sakafu, wanakula aiskrimu kikombe kimoja, kijiko kimoja. Chapati ilikuwa kwenye kikaango. Akasema moyoni atamwita akishaigeuza. Akaigeuza, akaja mteja, akaja mwingine.

Hakuna aliyeisimulia hiyo. Aliyeijua alikuwa Badria, na mama mkwe wake, Bi Kijakazi, ambaye siku ile alikuwa nyuma yake anakanda unga.

*

Nyumba ilikuwa ya Mzee Tulsidas. Yeye na mkewe Ranjanben na mwana wao wa pekee walikaa ghorofani. Wapangaji walikaa chini, vyumba vikizunguka ua. Sadalla alikuwa mpangaji wake na mfanyakazi wake pia, kwenye duka la sufuria na themosi upande wa Kariakoo. Kwa hiyo mkono uliompa riziki ndio uliompa na paa, na kila mtu nyumbani kwa Sadalla alilijua hilo bila kukumbushwa.

Badria alipanda ngazi na bakuli la uji mwepesi wa mchele. Shufaa alipokuwa mgonjwa, ni Ranjanben aliyeteremsha dawa: manjano yaliyosagwa na tangawizi kavu, yakalainishwa kwa maji ya moto, akapakwa mashavuni jioni na kuoshwa asubuhi. Bi Kijakazi naye aliongeza ya kwake, majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kukandwa kwa kitambaa, na maji ya chumvi ya kusukutua. Mtoto alilala usingizi. Wale akina mama wawili walisifiana mlangoni siku ile mpaka Badria akaona aibu.

Sasa mlango ulifunguliwa nusu.

"Shikamoo, Mama Alpesh."

"Marahaba. Weka hapo chini."

"Ni uji, nimemletea Alpesh. Hautaki kutafunwa."

"Nimesema weka chini, Mama Shufaa. Nitauchukua."

Badria akauweka juu ya sakafu, pembeni ya viatu. Kupitia upenyo alimwona Alpesh kwenye kochi. Uso wote ulikuwa wa njano, na juu ya mashavu majani ya tambuu yaliyopashwa moto na mafuta ya nyonyo, yamefungwa kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kukazwa utosini. Alimpungia mkono kidogo, kwa uchovu.

"Usimpe kitu kichachu, mama. Ndimu, ukwaju, achari. Taya litamchoma."

"Hayo nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie ambalo sikukufundisha." Ranjanben alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilizidi kushuka. "Mama mkwe wako alijuaje?"

"Alijua nini?"

"Alisema anayeyashusha anayachukua. Alisema kabla. Mwanangu alikuwa mzima, anafunga taa."

"Mama, yale ni mambo ya watoto. Hata sisi tulipokuwa wadogo tulivalishwa. Ni mchezo tu."

"Mchezo." Ranjanben aliangalia uji. "Jumapili mama yake Hinal, bibi harusi wetu, anakuja kumwangalia mkwe. Nimemwambia tumeanza pithi mapema, ni desturi ya ukoo wa mume wangu. Ndiyo maana ana manjano usoni. Nimedanganya, na umri huu. Kwa ajili ya mchezo wenu."

Pithi ni siku ya kumpaka bwana harusi manjano ili ang'ae. Badria aliijua, alishaalikwa kwenye kadhaa kuosha vyombo. Aliteremka ngazi bila kuaga. Jioni alilikuta bakuli mlangoni kwake. Uji ulikuwa vilevile, umeganda.

*

Habari katika mitaa ile haihitaji simu. Asubuhi iliyofuata Mbaruku, mbeba mizigo aliyezoea kula chapati mbili na kukopa moja, alisimama mbele ya jiko mikono nyuma.

"Mama Shufaa, leo chapati zina magunzi?"

"Zina unga na mafuta. Unanunua au unazibia watu njia?"

"Nanunua, dada yangu, nanunua. Ila usije ukanivisha mkufu. Mimi harusi yangu bado."

"Wewe nani akukubali? Hata matumbwitumbwi yangekukataa."

Watu walicheka, na Mbaruku akala. Lakini Celina wa duka la vifaa vya shule, ambaye kila siku huchukua uji kwa ajili yake na wenzake, alifika na chupa yake ya chai, akaangalia mlango wa uani, akamwona Bi Kijakazi amekaa pale anachambua dagaa.

"Leo tumeshiba, mama," akasema. "Labda kesho."

"Mmeshiba saa moja asubuhi?"

"Si unajua mambo ya ofisi."

Duka la daftari lilikuwa ofisi siku hiyo. Badria alirudisha sufuria ya uji ndani ikiwa nusu. Bi Kijakazi aliyaona yote. Alichukua ungo wake wa dagaa, akahamia ndani, akafunga pazia. Tangu siku hiyo alichambua dagaa gizani.

*

Sadalla alirudi kutoka kazini mapema, akaketi kitandani na viatu.

"Alpesh amenipigia simu. Nimepanda juu kwa mlango wa nyuma, kwenye tangi la maji."

"Anaendeleaje?"

Sadalla alimtazama Shufaa. "Nenda kacheze nje."

"Mama amesema nisitoke."

"Nenda kwa bibi yako pale nyuma ya pazia."

Mtoto alipoondoka alisema kwa sauti ndogo, "Umeshuka."

"Nini kimeshuka?"

"Badria. Ugonjwa. Umeshuka chini. Korodani moja imevimba, hawezi kutembea vizuri. Homa inampandia mpaka anatetemeka. Analia, mwanamume mzima. Ananiuliza, 'Sadalla, nitazaa?' Mimi nitajua nini? Nimemwambia utazaa."

"Mama yake anajua?"

"Anajua. Amempaka manjano na huko."

Badria alikuwa na cheti cha chuo cha ukarani ambacho hakikumpa kazi, lakini kilimpa tabia ya kuuliza swali linalofuata. "Hospitali?"

"Hawataki. Shangazi yake Hinal anafanya kazi mapokezi, hospitali ileile wanayotibiwa wao. Alpesh akiingia mlango ule, jioni Upanga yote inajua bwana harusi ana nini na wapi. Ndoa imekufa."

"Hospitali ni hiyo moja tu Bongo nzima?"

"Mimi niliuliza hivyohivyo. Akasema mama yake anasema hospitali ya nini, wakati aliyefunga yupo hapa chini, na anaweza kufungua." Sadalla alivua kiatu kimoja, akakishika. "Mzee anatuita. Sisi wote. Na mama."

*

Walipanda baada ya Magharibi. Hawakuambiwa kaeni. Mzee Tulsidas alikuwa amekaa, miwani kwenye paji la uso. Ranjanben alisimama kwenye mlango wa chumba cha Alpesh kama mlinzi. Kulikuwa na harufu ya tangawizi na mafuta ya nyonyo nyumba nzima.

"Sadalla," mzee alisema, "wewe ni mtu wangu. Nimewahi kukuvunjia heshima?"

"Hapana, bosi."

"Basi na mimi usinivunjie. Sitaki kujua kwa nini. Labda kodi nilipandisha, labda mke wangu alisema neno. Yameisha. Mwambie mama yako afungue alichofunga. Akishafungua, tutakaa kama zamani. Asipofungua, mtafute pa kwenda. Na dukani usije."

"Bosi, mama yangu si mtu wa..."

"Ongea naye. Usiongee na mimi."

Bi Kijakazi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mzee, lakini mzee hakumwangalia hata mara moja. Alimwogopa. Badria aliliona hilo, na likamchefua kuliko maneno yenyewe. Huyu ndiye bibi aliyembeba Alpesh mgongoni alipokanyaga msumari uani.

"Mzee," Badria alisema, "ugonjwa huu hautupwi. Unaambukiza kwa mate. Mtu akila na mgonjwa kijiko kimoja, unamwingia, unakaa kimya wiki mbili tatu, ndipo unatokea. Alpesh alikuwa nao kabla hajagusa mti. Nakwambia kwa sababu mimi mwenyewe nilimwona Shu..."

Kisigino cha Bi Kijakazi kilitua juu ya vidole vya mguu wake, kikakaa hapo.

"Nyamaza, mwanangu," bibi alisema.

"Ulimwona nani?" Ranjanben aliuliza.

"Hakumwona mtu," alijibu Bi Kijakazi. "Huyu amesoma, akianza hanyamazi. Tupeni mpaka kesho."

*

Chumbani walizozana kwa kunong'ona, kwa sababu ukuta ulikuwa na majirani.

"Mama, fanya tu," Sadalla alisema. "Zunguka naye mti, sema maneno, basi. Nani ataumia? Tunabaki na chumba, mimi nabaki na kazi."

"Na mimi nabaki na nini?"

"Mama, ni maneno ya watu tu."

"Maneno ya watu ndiyo yatakayonizika, Sadalla. Nimeishi Ilala hii tangu nyumba za udongo. Nimeosha maiti za watu, nimepokea watoto wa watu. Leo nikubali mimi mchawi?"

"Na akikubali," Badria aliingilia, "ndiyo basi, Alpesh haendi tena hospitali. Watasema amefunguliwa. Atalala pale na majani yake mpaka aharibike."

"Kwa hiyo unataka tulale barabarani?"

"Nataka kijana aende hospitali!"

"Shh!"

Shufaa alijigeuza kwenye mkeka. Wote watatu wakamtazama mpaka akatulia. Mashavu yake yalikuwa yamesharudi, membamba kama zamani, na kwenye mto kulikuwa na doa la njano ambalo sabuni haikuliweza.

Bi Kijakazi alikuwa wa kwanza kusema tena. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Badria. Huko hospitalini wanamfanyia nini mtu wa hivyo?"

"Wanamkagua. Wanampa dawa ya homa na ya maumivu, wanamwambia alale, asinyanyue kitu. Ya kuua ugonjwa wenyewe hawana, unaisha wenyewe."

"Kumbe hata wao."

"Hata wao, mama. Lakini kuna uvimbe mwingine wa hukohuko unaofanana na huu, ule unataka kisu siku hiyohiyo. Daktari ndiye anayejua ni upi. Manjano hayajui."

"Na kuzaa?"

"Wengi wanazaa."

Bibi alitikisa kichwa polepole. Akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaichukua bakora yake.

"Twende juu."

"Kesho, mama. Umesema kesho."

"Nilisema kesho ili nijue nitasema nini. Sasa nimejua."

*

Safari hii alipanda mbele, na hakubisha hodi mara mbili. Alipofunguliwa aliingia, akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Badria hakuwahi kumwona akifanya hivyo nyumbani kwa mtu.

"Ranjanben," alisema. Hakusema Mama Alpesh. "Unataka nifungue?"

Ranjanben alishika ukingo wa meza. "Ndiyo."

"Nitafungua. Lakini dawa yangu ina masharti. Usipoyafuata, nikifungua itarudi maradufu, na mimi sitakuwa na la kufanya."

"Masharti gani? Mbuzi? Kitambaa cheusi?" mzee aliuliza. Alikuwa ameshika simu tayari kumtuma mtu. "Sema tu."

"Sitaki mbuzi wako. La kwanza: dawa yangu haimpokei mgonjwa ambaye mkono wa daktari haujamgusa. Aende hospitali. Daktari wa kiume, amkague kote, huko juu na huko chini."

Mume na mke walitazamana. Hawakuwa wamemwambia mtu wa chini kuhusu huko chini, na Alpesh hakuwa amewaambia kuhusu tangi la maji. Ranjanben alijifunika mdomo kwa pindo la sari. Kama alikuwa na shaka mpaka dakika hiyo, shaka ilimtoka.

Sadalla alifungua mdomo. Badria akamfinya.

"La pili," Bi Kijakazi aliendelea, "isiwe hospitali mnayoijua. Ivuke maji. Pandeni pantoni kule Feri, mtafute ng'ambo. Dawa hii inapenda kuvuka maji."

"Sawa," Ranjanben alisema haraka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na nafuu. Ng'ambo hakukuwa na shangazi wa mtu.

"La tatu. Atakachopewa na daktari akinywe chote kiishe, na akiambiwa lala, alale. Manjano yenu mpakeni mashavuni, hayana ubaya, yanapoza. Huko kwingine msipake kitu. Mkishamaliza, mniite."

"Leo?" mzee aliuliza. "Aende leo?"

"Sasa hivi. Mnasubiri nini? Gari si lenu?"

Akainuka. Mlangoni mwa chumba aligeuka kumtazama Alpesh, aliyekuwa amekaa kitandani, amejikunyata, uso wa njano umelowa jasho.

"Pole, mume wangu," alimwambia, kwa utani uleule wa bibi na mjukuu.

Ranjanben akausogeza mwili wake katikati yao.

*

Daktari wa ng'ambo alisema ni matumbwitumbwi, akasema hakuna cha kukata, akampa vidonge na kumwambia avae chupi ya kumkaza na alale chali kwa wiki moja. Alipoulizwa kuhusu kuzaa alisema mara nyingi hakuna tatizo, upande mmoja tu, asubiri, akitaka apimwe baadaye. Alpesh alimwandikia Sadalla meseji ndefu yenye maneno hayo yote, na mwisho akaweka picha ya mikono miwili iliyokutana.

Mama yake Hinal alikuja Jumapili, akamwona mkwe wake kwa mbali, wa njano, amelala chali, akasifu desturi za ukoo wa Tulsidas. Akaondoka.

Homa ilipokwisha, Ranjanben alimtuma mtu chini kwamba tayari.

Ilifanywa uani, alasiri. Bi Kijakazi alitaka ifanywe ndani, lakini Ranjanben alitaka watu waone. Wapangaji wote walitoka. Waliokuwa na wageni walitoka na wageni wao. Mbaruku alipanda juu ya ndoo. Magunzi mapya yalitafutwa kwa mchoma mahindi, na Alpesh, ambaye wiki kadhaa nyuma alijivisha mkufu kwa kicheko, sasa aliinama avalishwe na hakucheka. Alitembea miguu imeachana. Bi Kijakazi alimshika kiwiko, wakauzunguka mkungu, midomo ya bibi ikichezacheza karibu na sikio la kijana. Uani hakuna aliyekohoa. Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya mlango, akamfunika macho.

Walipomaliza mkufu ukatundikwa juu kabisa, na mzee Tulsidas akatangaza kwa sauti kwamba asiuguse mtu.

Jioni Badria alimuuliza mama mkwe wake, "Ulikuwa unasoma nini pale?"

"Kusoma nini? Nilikuwa namwambia, 'Taratibu mwanangu, kuna mzizi hapo, utajikwaa.'"

*

Sadalla alibaki dukani. Chumba kilibaki. Wateja wa uji walirudi, pamoja na Celina wa ofisi ya daftari. Walinunua, wakalipa, na wakimwona Bi Kijakazi walimwamkia kwa heshima kubwa kutoka mbali kidogo. Foleni ya chooni ilimpisha. Watoto waliacha kumwomba karanga.

Siku mbili kabla ya pithi, ile pithi ya kweli, Ranjanben alimwita Badria ngazini.

"Mama Shufaa, wewe siku hiyo utanisaidia vyombo?"

"Nitakuja, mama."

"Na Shufaa aje, apakwe manjano kidogo, watoto wanapenda. Alpesh amesema lazima." Alichezea bangili zake. "Ila bibi... si kwa ubaya. Wageni watakuwa wengi, bwana harusi atakaa palepale uani. Macho ya mtu, wajua. Kama ana ndugu mahali, akapumzike huko siku hiyo na siku ya harusi. Nitawapa nauli."

"Mama Alpesh, yule ndiye aliyempeleka mwanao hospitali."

"Najua. Namshukuru. Ndiye aliyefunga na ndiye aliyefungua." Alimshika Badria mkono, kwa upole kabisa. "Ungekuwa wewe mama, ungemweka karibu?"

Badria aliteremka akaingia ndani, akasema yote kwa pumzi moja. Kisha akasema, "Napanda sasa hivi. Namwambia ile aiskrimu. Namwambia wewe hujafunga kitu, kwamba ni mimi niliyemwona mtoto na sikumwita. Liwalo na liwe."

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Badria. Kaa." Bi Kijakazi alikuwa anakunja kanga, anazitia kwenye mfuko wa plastiki. Hakuinua kichwa. "Ukimwambia si mimi, atakuuliza nani. Utamjibu nini? Utasema Shufaa. Mtoto wa miaka saba. Kila wakipata tatizo na uzazi, mwaka huu, mwaka kesho, nani watamtazama akipita ngazini?"

Badria akakaa.

"Mimi mzee. Uchawi unanikaa, ni kama mvi. Mtoto haumkai."

"Si haki, mama."

"Nani kasema haki? Nimesema nenda kaoshe vyombo." Akafunga mfuko kwa fundo. "Nitakwenda kwa mdogo wangu Buguruni. Nauli yao usiipokee."

*

Asubuhi ya pithi aliondoka mapema ili asikutane na mtu, lakini wapambaji walikuwa wamewahi zaidi. Ua ulikuwa umejaa viti na maua ya rangi ya machungwa, na taa ziliwaka kwenye mkungu ingawa jua lilishatoka. Juu kabisa, nyuma ya taa, mkufu wa magunzi uliachwa ulipo. Wapambaji walikuwa wamekatazwa kuugusa.

Alpesh alikuwa anateremka ngazi, nguo nyeupe, uso mwembamba wa kawaida, miguu inatembea inavyotakiwa. Wakakutana chini ya ngazi. Badria, aliyekuwa anabeba beseni la sahani, alisimama.

"Shikamoo, bibi," Alpesh alisema. Akainama kidogo, kama alivyofundishwa tangu mtoto, na nani kama si huyuhuyu.

"Alpesh!" Sauti ya Ranjanben ilitoka juu, kali. "Alpesh, panda!"

Bi Kijakazi alikuwa ameshafungua mdomo ajibu. Aliufunga. Akauvuta upande wa kanga, akafunika mdomo na pua, akageuzia uso wake ukutani, akampisha bwana harusi kwa bega. Alpesh alisimama pale, shingo imeinama, anasubiri kuitikiwa. Mama yake akaita tena. Akapanda.

Badria aliweka beseni chini, akamfuata mama mkwe wake mpaka mlango wa barabarani. Alitaka kumbebea mfuko, bibi akakataa kwa kichwa. Akavuka mtaa peke yake, katikati ya mikokoteni na wauza maji, bado amejifunika kanga mdomoni. Upande wa pili, mbele ya kijana aliyekuwa akipanga soksi juu ya turubai, ndipo alipoishusha.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Muuza soksi akainua kichwa, akatazama kushoto na kulia. "Bibi, mimi sijakuamkia."

"Najua," alisema Bi Kijakazi, akashika njia ya Buguruni.